Nani Kachinja?

Singida, mtu huagiziwa kuku wa kienyeji kabla hajaulizwa habari za safari. Na hapo ndipo utakapoiona dini ya mwenzetu. Amekaa baa, chupa ya nne inatoa jasho mkononi, sahani inaletwa: "Dada, huyu kachinjwa na Mwislamu?" Dada anaapa. Bismillahi inapigwa, kuku analiwa kwa mkono wa kulia kama sunna inavyotaka, wa kushoto unashughulika na chupa. (Kunywa kwa kushoto nako kumekatazwa, lakini hilo ndilo dogo kuliko yote pale mezani.) Meza ya jirani ikiletewa kitimoto, anashikwa na kichefuchefu, anahama. Na chupa yake.

Ramadhani ikiingia, huwa msafiri. Anapanda daladala mpaka Ikungi, anakula wali nyuma ya pazia la mamantilie, anarudi mjini mapema awahi futari, tena anaketi karibu na sinia la tambi. Kwa Mashafii, safari ya kumruhusu mtu kufungua huanzia kilomita 80 na ushei. Ikungi haifiki 50. Yeye anajumlisha kwenda na kurudi.