Sifa za Kukusanya Santuri za Kelele

Kukusanya matoleo ya kwanza ya santuri za muziki wa kelele za viwandani ni kazi tukufu, na utukufu huo haung'ari popote kama Durban, Afrika Kusini. Muziki wenyewe ulipata jina kutokana na Industrial Records, lebo iliyoanzishwa London mwaka 1976 na bendi ya Throbbing Gristle. Albamu yao ya 1977, The Second Annual Report, ilichapwa kwanza nakala 785 tu, idadi inayokaribia ile ya watu wanaoweza kuivumilia hadi mwisho.

Mkusanyaji wa Durban ana neema ya ziada, kwani mji wake umezaa gqom, midundo mikavu iliyokatikakatika ambayo vijana wa vitongoji vya Umlazi, KwaMashu na Clermont waliitengeneza kwa kompyuta za nyumbani. Ilisambaa kwa simu na katika teksi za abiria zenye spika za kutikisa meno. Ilikuwa bure, na hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake: cha bure hakina toleo la kwanza. Wageni wakaiondoa aibu hiyo. Lebo ya Goon Club Allstars ya London ilitoa santuri ya kundi la gqom la Rudeboyz mwaka 2015. Mwaka uliofuata ikaja Gqom Oh! The Sound of Durban Vol. 1, kazi ya lebo iliyoasisiwa na Mwitaliano. Mwaka 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya nyimbo za kundi la Phelimuncasi la Umlazi. Basi mkazi wa Durban huagiza ng'ambo kelele zilizopikwa vituo vichache kutoka kwake, akalipa kwa pauni, kisha nauli ya posta, kisha VAT ya asilimia 15. Nani mwingine auenziye mtaa wake kwa gharama hiyo?

Kuna na elimu. Toleo la kwanza hutambuliwa kwa namba zilizochorwa kwenye ukingo mtupu unaoizunguka lebo ya katikati. Mkusanyaji huzikariri namba hizo. Majina ya nyimbo si lazima.

Mikwaruzo nayo haina madhara. Kwenye taarabu mkwaruzo mmoja huua ubeti. Hapa hata mwenye santuri hawezi kuapa kama mlio ni wa sindano au wa msanii. (Bei hushuka vilevile.) Enzi za ubaguzi wa rangi, SABC, shirika la utangazaji la Afrika Kusini, ilikwaruza kwa makusudi nyimbo zilizopigwa marufuku ili zisichezeke redioni; kwa muziki huu wangejisumbua bure.

Adui wa kweli ni hewa ya Durban. Joto hupinda santuri, na unyevunyevu wa Bahari ya Hindi huotesha ukungu kwenye majalada. Kwa hiyo santuri husimamishwa wima, mbali na dirisha, ndani ya mfuko wa plastiki. Bora kupita zote ni ile isiyofunguliwa kabisa: haikwaruziki, na majirani hawalalamiki. Wimbo ukihitajika, upo kwenye simu.