Ukoo wa Karatasi Nairobi: Kutoka wa Sita Hadi wa Kwanza

Wagiriki wa kale waliita tabaka la mafunjo la kuandikia khartes. Neno hilo lina wajukuu wengi, na Nairobi imewapokea kwa mikono miwili. Nawapanga nipendavyo, mwenye malalamiko aje tubishane.

6. Katriji. Asili yake Kiitaliano, karatasi iliyosokotwa. River Road wino wake hukauka siku ile ile tenda inafungwa saa sita.

5. Katoni. Karatasi nzito. Sokoni Kangemi ni ghala, ni kiti, ni kibao cha bei.

4. Katuni. Ndugu wa damu wa katoni: mafundi wa Italia walichora mfano kwenye karatasi nzito kabla ya kupaka rangi ukutani. Mwaka 1843 jarida la Punch la London likalipa jina hilo michoro ya kukejeli wakubwa. Sisi tukapata Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, kisha mchoraji Gado, Mtanzania aliyeingia gazeti la Nation mwaka 1992. Mwanasiasa ambaye Gado hajamvuta pua bado hajafika.

3. Hati ya jiji. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ikawa jiji kwa hati ya Mfalme George wa Sita. Waingereza huiita charter, na kwa Kilatini asili yake ni "kikaratasi". Jiji zima, kikaratasi! Chama cha wafanyakazi cha Fred Kubai na Makhan Singh kiliwaambia watu wasusie sherehe hizo: jiji la nani, ikiwa anayelijenga hana pa kulala? Mwezi Mei wote wawili wakakamatwa, mgomo mkuu ukalipuka. Hapo ndipo jiji lilipozaliwa, kwa maoni yangu.

2. Karata na kadi. Mmoja alikuja na Wareno, mwingine na Waingereza. Pwani watakuchezesha karata, Kawangware utacheza kadi, na kabla ya kumaliza ni lazima utangaze, "Niko kadi!" Ukisahau, hata uwe na mkono wa dhahabu, humalizi.

1. Karatasi. Huyu ndiye mkubwa wao. Alipitia Kiarabu, qirtas, neno lililomo katika Suratul An'am, akatua pwani na kupanda bara. Wakenya tukampa hata mfuko wa plastiki jina lake! Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku 28 Agosti 2017, mama mboga anakufungia dania kwa gazeti la juzi, nawe ukifika nyumbani unasoma katuni.