Kutoka Mang'ola Hadi Lango la Lodoare: VAT kwa Kuhesabu Kinyumenyume

Asubuhi Karatu, madereva wa utalii wakisubiri wageni wamalize chai, soga huanza na mpira na kuishia kwenye VAT. Haya, wajomba, tuhesabu kurudi nyuma. Mwenye simu afungue kikokotoo.

6. Kitunguu cha Mang'ola. Mazao ya shambani yasiyosindikwa yamesamehewa VAT. Hapo kinachokuliza ni kitunguu chenyewe.

5. Milioni 200. Hadi katikati ya 2023 mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka yalitosha kukulazimisha kujisajili. Tangu Julai ile ni milioni 200. Mama lishe wa stendi, endelea kukaanga, mama, hilo halijakufikia.

4. Kumi na sita. Sheria ya Fedha ya 2025 imeshusha VAT kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi asiyesajiliwa anayelipa kwa mtandao. Kwenye laki moja umeokoa elfu mbili. Basi soda ni juu yako!

3. Zuio. Sheria hiyohiyo inamtaka mnunuzi aliyeteuliwa kuwa wakala azuie asilimia 3 ya thamani ya bidhaa, au 6 ya huduma, aipeleke TRA mwenyewe. Loji ikiuza huduma ya milioni moja, VAT ni 180,000, na 60,000 kati yake haigusi mkono wa mwenye loji. Hesabu zake zikiwa safi, ataikuta kwenye ritani. Zikiwa kwenye boksi la viatu, pole, kaka, tafuta mhasibu leo.

2. Dola 88.20. Chukua wageni wanne wasio wakazi, gari moja, wapite lango la Lodoare kwa siku moja kwenye kreta ya Ngorongoro. Kiingilio cha dola 60 kinakuwa 70.80 kwa kila kichwa. Ada ya gari kushuka, dola 250, inakuwa 295. Jumlisha VAT peke yake: 43.20 na 45. Simba hata hajaonekana.

1. Tarehe 1 Julai. Hii ndiyo namba moja kwangu, na sitaki mchezo nayo. Mwaka 2016 bajeti ilisomwa Juni, na Julai mosi VAT ikaanza kwenye kuongoza watalii, usafiri wao wa ardhini na viingilio vya hifadhi. Msimu wa wageni wengi ulikuwa umeshafika! Safari zilikuwa zimeuzwa miezi mingi nyuma, bei imeandikwa, mgeni ameshalipa. VAT ni kodi ya mlaji, mfanyabiashara huibeba tu hadi serikalini. Lakini mlaji akiwa amefunga hesabu yake, mzigo hubaki mgongoni mwa mbebaji. Kampuni kubwa huweza kustahimili. Kijana wa Karatu mwenye Land Cruiser moja ya mkopo hulipia kodi hiyo kwa pesa ya matairi.

Kwa hiyo ombi langu kwa Bunge ni moja: kodi ya utalii ikibadilika, itangazwe miezi 12 kabla. Nyumbu wanaweza kubadili njia wiki ileile. Bei ya safari haiwezi.