Choo Kimekaa Sebuleni

Hapa ninapoandika, choo kipya cha kukaa kipo mbele yangu, kati ya kochi na televisheni, kimefunikwa khanga ya mama watoto. Khanga yenyewe imeandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Sikuichagua mimi.

Mambo yalianza fundi alipokuja kukagua choo chetu cha zamani, hapa Tabata. Aligonga ukuta kwa kidole, akatega sikio kama daktari, kisha akatoa amri: "Sivunji kitu mpaka vifaa vyote viwe ndani. Nikishavunja, bosi, hakuna kurudi nyuma." Nikasema moyoni, huyu ndiye fundi. Kumbe nimeshakabidhiwa kazi yote, yeye kabaki na nyundo tu.

Tukaanza na vipimo. Futikamba sina, nikaazima tepu ya cherehani ya mke wangu. Tepu ile ina nyuso mbili: huku inchi, kule sentimita. Nikapima upana, nikaandika 59. Ikanichomoka, ikatumbukia kwenye ndoo. Nikaiopoa, nikaikung'uta, nikapima urefu kwa mikupuo miwili, nikaandika 210. Hesabu ikaja tamu kabisa: marumaru za 30 kwa 30, vipande 14. Nikanunua Kariakoo boksi moja, na ziada ya kuvunjika juu. Nikawashangaa wanaolia kwamba ujenzi ni ghali.

Fundi alilitazama lile boksi, akanitazama mimi. "Bosi, na kule kwingine tutandike mkeka?"

Upana ulikuwa inchi 59, yaani sentimita 150. Choo cha sentimita 59 mtu angeingia ubavuubavu kama kaa. Zilitakiwa marumaru 35, na fundi akataka nne zaidi za kuvunjika. Nikarudi Kariakoo na kipande kimoja cha mfano. Zile zimekwisha, zimekuja nyingine, jina lilelile, ila namba ya rangi iliyogongwa kwenye boksi ni tofauti. Nikaziweka pamoja: moja maziwa, nyingine chai ya maziwa. Muuzaji akanituliza: "Zikishakanyagwa zitafanana."

Vijana wa mtaani matatizo huyaita msala. Sasa najua neno walilitoa wapi.

Siku hiyohiyo, kwa hasira za marumaru, nikanunua na choo. Dereva wa kirikuu alitaja bei ya kuhamisha nyumba nzima, nikachukua bajaji. Choo kikapakiwa kiti cha nyuma, mimi pembeni yake nimekikumbatia kisigonge chuma. Kwenye foleni ya Buguruni kila aliyechungulia alitusalimia wote wawili. Tulipofika, dereva akadai nauli ya watu wawili. Nikalipa, ningebisha vipi, na mwenzangu alikaa nafasi kubwa kuliko mimi?

Fundi alikizunguka, akainama nyuma yake, akapiga mluzi. "Hiki mkia wake unatazama ukutani. Bomba lenu liko sakafuni. Ninyi mnataka mkia unaotazama chini." Miaka kumi na minane ya kukaa juu ya kitu, na sijawahi kukitazama mkia! Nikauliza kama hakuna ujanja. Upo, akasema: tunafunga elbo ya inchi nne, ila choo kitasogea mbele. Kiasi gani? Akachora sakafuni kwa chaki. "Mtu akikaa, magoti yanafunga mlango. Komeo hamtahitaji."

Dukani kwenyewe ukutani pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Stoo nako kumejaa saruji, tena niliipanga chini sakafuni badala ya juu ya mbao, masika yakaipitia, na mfuko mmoja sasa ni jiwe tunalopandia kufikia rafu ya juu. Basi choo kikabaki sebuleni.

Tulikuwa tumeshaomba hata hifadhi ya choo kwa jirani kwa zile siku za kubomoa. Tulikwenda na sahani ya vitumbua. Akala vyote ndipo akatupa masharti: kila mtu na ndoo yake ya maji, na saa nne usiku geti linafungwa, mbwa anafunguliwa. Watoto wangu wameshaanza kwenda huko, na chetu hakijaguswa hata kwa tindo. Wanasema wanazoea mazingira.

Halafu Jumamosi magharibi akaja mama mkwe kutoka Korogwe, bila taarifa, umeme umekatika. Mke wangu akaenda jikoni kutafuta mshumaa. Nami, kwa heshima ya mkwe, nikasimama pembeni na macho yangu chini. Nilipoyainua alikuwa ameshakaa. Si kwenye kochi. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Kiti hiki kigumu kidogo," akasema, akiegemea tenki, "lakini mgongo kinaushika vizuri." Alikunywa chai vikombe viwili pale pale. Umeme ulirudi ameshalala.

Kwa hiyo, kama bomba lako liko ukutani na unatafuta choo, ninacho: cheupe, hakina ufa, kimekaliwa mara moja tu, tena kwa adabu zote. Bei tutaelewana. Khanga siuzi. Na ukimkuta mama mkwe hapa siku utakayokuja kukitazama, sema umefuata kiti.