Karata Isiyotaja Jirani

Mimi sina ugomvi na wapiga ramli. Mtu akishachora mistari yake mchangani, akanuna kidogo, akauliza jina la mama yako mzazi, mwisho wa yote anakupa kitu cha kushika: kuna mtu anakufanyia husuda, yuko upande wa kulia wa nyumba yako, na hacheki nawe kwa moyo mweupe. Ni uongo, pengine. Lakini unatoka pale ukiwa na jirani wa kumnunia, na maisha yanaendelea.

Karata za taroti hazina ukarimu huo. Tangu mpwa wangu ahamie kwetu na pakiti yake ya karata 78, aliyoisomea kwa bando la usiku, sebule yangu imegeuka kituo cha ushauri. Wanakuja wenye wachumba, wanakuja wenye kesi za viwanja, wanakalia kochi langu na kunywa chai yangu, na wote wanataka kujua wafanye nini. Wanaondoka wamepewa kazi ya nyumbani. Jiulize unang'ang'ania nini. Tafakari kinachokuogopesha. Mtu atoke Mbagala, abadilishe daladala, aje aambiwe akatafakari! Si angetafakari humo humo garini, akiwa amening'inia mlangoni?

Majuzi ilikuwa zamu ya shemeji yangu. Kikoba chao kimevunjwa, mgao anao mkononi, na kijana wa kaka yake amemjaza maneno kwamba anunue bajaji, ampe yeye kwa mkataba, awe anamletea hesabu kila jioni. Swali ni jepesi: anunue au asinunue? Hata mimi ningemjibu, tena bure, ila mimi siulizwi kwa sababu sina picha.

Mpwa akachanganya karata, shemeji akakata, ikavutwa moja. Namba 12. Ni jamaa aliyening'inizwa mtini kwa mguu mmoja, kichwa chini, mikono nyuma, kichwa kimezungukwa na nuru, na uso umetulia kama wa mtu aliyelala mkekani baada ya pilau. Sasa karata yenyewe ilitoka juu chini. Kwa hiyo huyo wa kuning'inia, kwetu tuliokaa kwenye kochi, alikuwa amesimama wima, mguu mmoja kaukunja, anacheza.

"Imetoka kichwa chini, Anti," mpwa akasema kwa masikitiko.

"Mbona amesimama vizuri tu, mwanangu?" shemeji akauliza.

"Ndiyo ubaya wenyewe."

Nikazima redio, mpira ukiwa bado unaendelea.

Ufafanuzi ukaanza. Ikitoka sawasawa, karata hiyo inasema subiri, tulia, litazame jambo kwa upande mwingine. Ikipinduka, inasema unachelewesha mambo bila sababu. Au umeshachoka kusubiri. Au kuna mtu anajitoa mhanga pasipo faida yoyote. Ni ipi kati ya hizo? "Inategemea," akajibu mpwa. Hilo ndilo neno linalonimaliza. Fundi bomba akiniambia inategemea, najua bei inapanda.

Shemeji hakungoja zaidi. "Nimesikia. Nachelewesha. Nanunua." Mimi nilikuwa nimesikia lile la kujitoa mhanga bila faida, nikasema asinunue. Mpwa akatutazama sote wawili kwa huruma, akaniambia: "Mjomba, karata haisemi ndiyo wala hapana. Inakuonyesha ulicho nacho moyoni." Alicho nacho shemeji moyoni tulikisikia tangu yuko getini. Hakikuhitaji karata hata moja, wachilia mbali 78.

Usiku nikashika simu nami nisome, kwa bando langu. Kumbe karata hizi hazikuzaliwa kwa waaguzi. Zilichorwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, kwa wakubwa wa Milan na Ferrara, na kazi yake ilikuwa kuchezewa, kula na kuliwa basi. Vikombe, sarafu, panga na magongo yaliyomo ni ndugu wa kopa, uru, shupaza na pau alizotuletea Mreno, hizi hizi ambazo wazee huzipiga barazani kwa kishindo na hakuna anayewauliza kuhusu ndoa yake. Watu wakacheza hivyo kwa zaidi ya miaka 300. Halafu mwaka 1781 mchungaji mmoja wa Kifaransa, Antoine Court de Gébelin, akachapisha kwamba hiki ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri. Wakati huo hakuna aliyejua kusoma maandishi ya Misri ya kale. Msomi Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Mchungaji hakuona haja ya kungoja. Huyo ndiye aliyestahili kuvutiwa namba 12, tena imetoka sawasawa.

Picha za pakiti ya mpwa ni za mwaka 1909, mkono wa Pamela Colman Smith wa London. Alichora pakiti nzima, na mwaka huo huo akamlalamikia rafiki yake kwa barua kwamba kazi ilikuwa kubwa na malipo kiduchu. Alifariki mwaka 1951 akiwa na madeni, na karata zake zinauzwa dunia nzima mpaka leo. Mama huyo akinifundisha kuhusu kujitoa mhanga bila faida, nitavua kofia na kusikiliza.

Lakini lililonitoa kitandani ni jina la yule jamaa. Waitaliano wa zamani walimwita Msaliti. Katika miji yao, msaliti, au mtu aliyefilisika akakimbia na fedha za wenzake, aliweza kuchorwa ukutani hadharani, ananing'inia mguu juu, ili aone haya yeye na ukoo wake. Kwa hiyo maana ya kale ya picha ile haihusu kutafakari hata kidogo. Inamhusu mtu aliyekula hesabu! Asubuhi nikamweleza shemeji yote, na miaka yake. Akaniambia tatizo langu sina imani.

Bajaji imeshalipiwa kianzio. Jana wamekuja na fomu ya mkopo wa kumalizia, kijana kapiga pasi shati, shemeji kaleta na maandazi. Nafasi ya mwombaji imejazwa. Nafasi ya mdhamini iko wazi, na kalamu wameilaza upande wangu wa meza. Nimeuliza mdhamini anafanya nini hasa kijana asipoleta hesabu.

Mpwa amesema inategemea.