Nani Anakufukuza, Mwalimu?

Reli ya Uganda ilipojengwa ilipita huko chini, kwenye tambarare za Kapiti na Athi River, Machakos ikaachwa kando. Mwaka 1899 Waingereza wakafunga virago, makao yao ya utawala yakahamia Nairobi. Wanahistoria wana maelezo yao. Mimi, kwa jinsi ninavyovijua vilima vya Iveti vya hapa Machakos, nina yangu: mhandisi alivitazama, akavua kofia, akasema, "Hapana." Alikuwa na akili zake timamu. Mimi navipanda kila Jumamosi na hakuna anayenilipa.

Ugonjwa wangu ni ultramarathoni za milimani. Marathoni ya kawaida ni kilomita 42.195, na chochote kinachozidi hapo ni ultra. Afrika Kusini wana Comrades, iliyoanza mwaka 1921, kilomita karibu 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Ulaya kuna UTMB: tangu mwaka 2003 watu huondoka Chamonix, Ufaransa, wakauzunguka Mont Blanc kupitia Italia na Uswisi, kilomita zipatazo 170, na wengine hukesha usiku wa pili wangali njiani. Tena wanalipa kiingilio. Hapo kwenye kulipa ndipo majirani zangu hukataa kuendelea kunisikiliza.

Wala usidhani ni watu wasiojua mbio. Cosmas Ndeti, mtoto wa Machakos, alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Patrick Makau, mtoto wa huku huku, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011: saa mbili, dakika tatu, sekunde 38. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa hapa Mutituni kwamba unajiandaa kwa mbio za kilomita hamsini, hakucheki. Anakuuliza swali la kitaalamu.

"Hizo kilomita hamsini utamaliza kwa muda gani?"

"Saa tisa, mzee."

"Saa tisa alasiri?"

"Nikianza saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo, itakuwa saa tisa alasiri. Lakini pia ni muda wa saa tisa."

Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukamwishia, akaazima wa pili. "Makau," akasema kwa upole, "angekuwa amefika, ameoga, amekula, amelala, ameamka, na anauliza kama umeonekana."

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwetu ni Vihiga. Hilo la Vihiga lina uzito wake. Kule kwetu mtu anayekimbia usiku ana jina, na jina hilo halitajwi mbele ya watoto. Husemekana hukimbia uchi na kurusha changarawe juu ya mabati ya watu. Kenya nzima inajua habari hizo. Sasa mwalimu mwenye jina la Magharibi mwa Kenya anapotoka langoni saa kumi usiku, tochi kichwani, akitweta kuelekea gizani, mlinzi wa ploti afanye nini? Alifanya alichofundishwa: alipeleka habari kwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kamati ya usalama ya mtaa. Kikao kikaitishwa. Nilieleza habari za ultra, za Mont Blanc, za umuhimu wa kuzoea giza. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Nguo unavaa?"

"Navaa."

Akamgeukia katibu. "Andika: anavaa."

Tangu hapo nina ruhusa.

Vifaa navyo vina kesi zake. Kuna kile kifuko cha mgongoni cha kubebea maji, chenye mrija unaopita begani mpaka karibu na mdomo. Jijini Nairobi kikivaliwa watu huona ni mkimbiaji. Juu huko Iveti, kwenye mashamba ya kahawa, watu huona pampu ya dawa. Mkulima mmoja alinisimamisha akaniuliza napulizia kwa bei gani kila mti. Nilipomwambia ni maji tu, alisikitika sana. Alisema tatizo la wapuliziaji wa siku hizi ni hilo hilo.

Na mafuta ya mgando! Ukikimbia saa nyingi, mapaja husuguana mpaka yakawaka moto, na dawa yake ni kupaka mafuta kwa wingi bila aibu. Mwenye duka aliponiona nikibeba kopo kubwa kila mara, akampa hongera mke wangu kwa mtoto. Mke wangu alirudi nyumbani na maswali.

Ardhi yenyewe pia imejipanga. Wilaya ya zamani ya Machakos inasifika duniani kwa matuta yake ya kuzuia mmomonyoko. Kilima kizima kimekatwa ngazi ngazi. Kuna mtindo wa fanya juu, ambapo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, ukawa ukingo. Wataalamu wa kilimo hutoka mbali kuja kuusifia, nami naunga mkono. Lakini walikuja mchana. Shuka matuta hayo jua likizama, miguu imelegea, na utagundua kila ukingo una mtaro wake, na mtaro hauna subira. Watu hudhani kupanda ndiko kunakoua. Kupanda unatembea tu, mikono magotini, na hakuna mkimbiaji wa ultra atakayekucheka, kwa kuwa naye anatembea. Ni kushuka kunakorarua misuli ya mapaja, na ndiyo maana Jumatatu mimi hushuka ngazi za shule kinyumenyume. Wanafunzi wameanza kuniiga.

Nilijaribu hata Kyamwilu, ile barabara maarufu ambapo maji yakimwagwa huonekana yakipanda mlima na gari lililoachwa bila gia hubiringika kuelekea juu. Nilitumaini nami nitabebwa. Miguu yangu haikupewa taarifa.

Siku ya mbio ikafika. Njia ilipita vilima vya huku huku, na waandalizi walikuwa wameifungia tepe nyekundu mitini tangu jana yake. Watoto wakaamka mapema kuliko sisi. Kufikia katikati ya njia hatukuona utepe hata mmoja, ila kwenye nywele za msichana mdogo aliyetupungia mkono kwa furaha, misuko yake minne, tepe nne. Tukaendelea kwa kubahatisha. Hatimaye nikauona mmoja, kule ng'ambo ya kahawa, unapepea. Nikawaita wenzangu watatu wa kutoka Nairobi, tukaufuata. Ukasogea. Uchovu wa ultra humwonyesha mtu mambo, na wakimbiaji wakongwe husimulia mawe yaliyowasalimia, kwa hiyo sikushtuka. Ukakata kona, tukakata kona. Ukaingia kwenye boma, tukaingia. Pale uani ukasimama, ukageuka, ukatutazama. Ulikuwa umefungwa shingoni mwa ndama.

Susu mwenye boma, yaani bibi kwa Kikamba, akatoka jikoni na mwiko. Akaona watu wazima wanne, jasho, matope, namba vifuani.

"Mmetoroka jela ya GK?"

"Hapana, susu. Tuko mashindanoni."

"Nani anawafukuza?"

"Hakuna."

"Basi kaeni."

Katika hotuba zote nilizowahi kusikia kuhusu mbio za masafa marefu, hakuna iliyonishinda kama hiyo. Tukakaa. Ikaja muthokoi, ile ya mahindi yaliyokobolewa, sahani zimejaa, maharagwe yanatoa moshi. Mwenzetu mmoja akatoa kipakiti chake cha uji mtamu wa kufyonza, akaeleza kwamba kina wanga wote anaohitaji. Susu akakipokea, akakikamua kidogo kwenye kidole, akaonja, akakirudisha bila neno, kisha akamwongezea muthokoi. Nilikula yote. Kilomita zilizobaki zilikuwa nyingi, na muthokoi ilinikumbusha iliko katika kila moja.

Tulifika mwisho tukakuta hema limekunjwa na kijana mmoja amelala juu ya makreti ya chupa. Medali zilikuwa zimepelekwa Nairobi, kwenye gari la kwanza, pamoja na ndizi.

Mbio nyingine ziko njiani, nami nimeshalipa. Kwa hiyo naomba, wenyeji wa Iveti: zile tepe mtuachie mpaka jioni, za nywele nitawanunulia watoto mwenyewe. Na wewe kijana wa boda boda, ukiniona kilimani nachechemea, usipunguze mwendo kunibembeleza nipande bure huku moshi ukiniingia puani. Huo ndio mwendo wangu. Ila ikipita saa tisa alasiri ukanikuta nimekaa juu ya tuta, usiulize kitu. Simama, nipande.