Sumbawanga Haili Mtu

Mfyuuu! Sogeza benchi hilo, nawe mwenye kashata acha kunitemea makombo. Majina ya kidato cha tano yametoka, na mtaa mzima una msiba usio na maiti. Binti wa jirani kapangiwa Sumbawanga, Rukwa. Mama mtu kashika kichwa, baba mtu anahangaika kutafuta wa kumfanyia uhamisho. Kisa? "Kule wanaroga, radi inapiga jua likiwaka!" Jirani, umeshafika? Hajafika. Aliyekwambia je? Naye kaambiwa. Mlolongo mzima wa waoga, hakuna hata mmoja aliyevuka Tunduma!

Radi ipo, sibishi. Ufipa, huko huko Rukwa, ni nchi ya juu, na mvua zake huja na ngurumo. Dawa yake ni kuingia ndani ya nyumba, si kujikinga chini ya mti, basi.

Lakini nani kijiweni hapa kawahi kusema kwamba Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe, katika tanuru za udongo zinazompita mtu kimo, kabla Mjerumani hajatia mguu? Maporomoko ya Kalambo je? Pale mpakani na Zambia maji yanaporomoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2023 wataalamu wakatangaza kwamba jirani na hapo, upande wa Zambia, yamepatikana magogo yaliyochongwa na kupachikwa pamoja miaka isiyopungua 476,000 iliyopita. Binadamu wa aina yetu hajatokea, watu wanajenga! Mwanafunzi wa historia umsimamishe pale na daftari lake, atauliza hadi mwalimu achoke. Mwenye maswali hapati nafasi ya kutetemeka.

Mwalimu Nyerere angelelewa na waoga wa mtaa huu, mwaka 1937 nani angemruhusu atoke Butiama aende Tabora kusoma? Wangesema Tabora kuna majini!

Shule zetu nazo, nyoo! Kila mwaka ziara ya mafunzo ni Bagamoyo. Pazuri, sikatai, na magofu ya Kaole yana mengi ya kufundisha. Ila mtoto wa Dar anayeishia Bagamoyo kaenda ugenini, au kafuata samaki?

Na msidhani wenzetu wa Rukwa wamelala. Mtoto wao akipangiwa Dar, anaambiwa ataibiwa hadi soksi alizovaa.

Mtoto huwa anazoea, muhula mmoja tu. Wa kupelekwa ziara ni mzazi. Jirani, panda basi na binti yako pale Mbezi, mshuke wote Sumbawanga, ule ugali kwa migebuka, uone shule, umwone na mwalimu. Utarudi na habari za macho yako.

Hataki. Kamlipa mganga amfanyie binti kinga, na hela ile ilitosha nauli ya wawili. Mganga keshakula, binti ataondoka vilevile, na baba mtu atabaki hapa hapa na woga wake.